Fundi Anayeziogopa Skrubu Zinazong'aa

Asubuhi jua linaingia kwa madirisha ya juu, na bwawa la mazoezi ya viungo halina maji. Limebaki shimo la vigae vyeupe, na katikati ya shimo hilo limesimama jukwaa la mabomba linalofika karibu na dari. Juu ya jukwaa amelala chali mwanamume wa makamo, bisibisi mkononi na miwani ya plastiki usoni. Anazungusha skrubu polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Robo mzunguko. Nusu. Kisha inasikika sauti ndogo, tik, na mkono wake unasimama.

"Kinga mkono," anamwambia mwandishi wa makala haya, aliyesimama kwenye ngazi chini yake. Anamdondoshea kichwa cha skrubu. Shingo yake imebaki ndani ya chuma, huko juu.

"Kiangalie. Unaona kutu?"

Kutu hakuna. Kichwa kinang'aa kama kijiko kipya. Ukikigeuza ndipo unaona pale kilipokatikia, pana rangi ya kijivu iliyokufa, na kimekatika kama biskuti.

"Ingekuwa na kutu ningelala usingizi," anasema fundi huku akijifuta jasho, na asubuhi bado haijapata joto. "Kutu inabisha hodi. Unaiona inakuja, unabadilisha, maisha yanaendelea. Hizi hazibishi hodi. Zinakuchekea mpaka siku zinakatika."

Wenzake kazini wanamwita Sumaku. Dari anayoifungua aliifunga yeye mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, na watu wakamsifu. Sasa anaishusha kibao kwa kibao, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba bwawa lifungwe. Na miongoni mwa wagonjwa waliokosa maji ya kufanyia mazoezi kwa ombi lake hilo, yumo mama yake mzazi.

Jina la Sumaku alilipata ujanani, alipokuwa akijifunza kazi kwa baba yake mdogo katika majengo yaliyo kando ya bahari. Huko upepo wenyewe una chumvi. Msumari wa kawaida unaanza kulia machozi ya kahawia kabla fundi hajalipwa. Kwa hiyo mafundi wa huko wana desturi yao: kila mmoja ana kipande cha sumaku mfukoni, na skrubu haiingii kwenye ubao kabla haijapita kwake. Sumaku ikiishika kwa nguvu, ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, rudisha dukani. Ikiikataa, ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, endelea.

"Baba mdogo alinipa sumaku kabla hajanipa nyundo," anasema. "Nikawa napima kila kitu. Vijiko vya watu, bawaba za milango, mpaka meno ya bandia ya jirani. Ndipo wakaniita hivyo."

Lakini sumaku, anasema, ni shahidi wa nusu. Inakwambia kwamba hiki si chuma cha kawaida, basi. Haikwambii ni stenlesi ya aina gani. Wakati mwingine hata hilo inalikosea, maana skrubu halali iliyofinyangwa kwa nguvu kiwandani nayo hushika kidogo.

Hilo alilijua kwa aibu. Kazi yake ya kwanza ya peke yake ilikuwa reli za baraza la ghorofani, mbele ya bahari. Alifunga skrubu za stenlesi zilizoandikwa A2, aina ya kawaida, kwenye boksi, sumaku ikazikataa, akaenda zake akipiga mluzi. Baada ya msimu mmoja mwenye nyumba akamwita. "Fundi," akamwambia, "reli zako zina mafua, njoo uzifute kamasi." Madoa ya rangi ya chai yalikuwa yametiririka kila penye skrubu.

Akajifunza. Kando ya bahari wanatumia A4, ambayo imeongezewa madini ya kupambana na chumvi. Akajifunza pia kutotumia ncha ya drili iliyokwisha kugusa chuma cha kawaida, kwa sababu unga wa chuma kile hubaki kichwani mwa skrubu na kuota kutu wenyewe. Akajifunza kukaza kwa mkono, kwani stenlesi ikikimbizwa kwa mashine hujing'ang'ania, haiendi mbele wala hairudi. Reli alizofunga tangu siku ile, anasema, hadi leo hazijapata mafua.

Kwa hiyo kituo cha tiba ya viungo kilipojenga bwawa la ndani, la maji ya uvuguvugu, na kutafuta fundi wa dari, Sumaku aliingia kifua mbele. Mbao zilizokaushwa vizuri, zimeshikwa na vibano vya chuma, na vibano vimening'inizwa kwa skrubu za A4.

"Nilisema mchezo huu naujua. Kama A4 inaiweza bahari, bwawa ni nini? Bwawa ni beseni tu."

Mhandisi wa mradi, mama mmoja mkimya anayevaa kofia ngumu hata akiwa ofisini, aliafiki.

"Hatukubishana hata dakika tano," anasema mhandisi huyo. "Hilo ndilo linaloniuma. Sote wawili tulidhani bahari ndiyo mwisho wa ubaya."

Kumbe sivyo. Mhandisi anaeleza taratibu, akichora kwa kidole juu ya meza. Maji ya bwawa yanatiwa klorini. Watu wanaingia na jasho lao, maji yana joto, na mvuke unaopanda una dawa ndani yake. Mvuke ule unatua juu ya dari, unakauka, unatua tena. Ufukweni mvua inanyesha na kuosha chumvi kwenye skrubu. Juu ya bwawa la ndani hakuna mvua, na nyuma ya dari hakuna mtu anayefika na kitambaa. Dawa inajikusanya. Na skrubu ya darini haipumziki, inavutwa na mzigo usiku na mchana. Vikikutana hivyo vyote, stenlesi nzuri ya kung'aa inaanza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele, kutoka nje kwenda ndani, na kwa macho huoni kitu.

Kwa kitu kilichoning'inia mahali kama pale inatakiwa aina nyingine, ya juu kuliko A4, ambayo maduka mengi hayaiweki. Reli ya kushika pembeni mwa bwawa, inayofutwa kila siku, si lazima. Dari ni lazima.

"Nilichukua kitu bora nilichokijua," anasema Sumaku, "nikakipeleka mahali nisipopajua."

Mwaka mmoja baada ya dari kukamilika, mama yake alipata kiharusi. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa kusimama na kupita nyumba kwa nyumba akidai vipimo vya watoto wa watu. Upande wa kushoto ukalala. Alijaribu fimbo, akajaribu kuta, akaanguka mara nyingi na kuwatukana walioenda kumwinua.

Kisha akapelekwa kwenye bwawa. Mtaalamu wa mazoezi, ambaye mama huyo humwita Dada wa Maji, alimshika kiuno na kumshusha ngazi. Maji yalipomfika kifuani, mguu uliogoma ukapiga hatua.

"Nchi kavu mimi mzigo," anasema mama huyo, "lakini mle ndani mimi mtu. Nilikuwa natembea nikitoa na maagizo."

Alikuwa akienda mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi kadhaa nguvu ya majini ilianza kumfuata nyumbani. Alifika jikoni peke yake. Siku moja alifika getini, akasimama pale akisalimia kila mpita njia, hata asiowajua, ili waone.

Sumaku ndiye aliyekuwa akimpeleka. Alimsubiri kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa bwawa, na kwa kuwa fundi wa dari hawezi kukaa chini ya kazi yake akatazama sakafu, alikuwa akitazama juu. Hivyo ndivyo alivyoona. Juu ya ngazi za kuingilia majini, ukingo wa kibao kimoja ulikuwa umeshuka unene wa kidole.

"Nikajiambia labda panya. Kisha nikajiambia, panya gani anapanda dari ya bwawa?"

Akaazima ngazi ndefu kwa mlinzi, akapanda, akasukuma kibao kwa vidole. Kikacheza kama jino la mtoto. Akachungulia na tochi. Kibano kilikuwa kinaning'inia upande mmoja, na kwenye tundu la upande wa pili skrubu haikuwa na kichwa. Akaigusa ya jirani yake. Nayo kichwa kikamjia mkononi.

Chini yake, mama yake alikuwa majini akitembea.

Kilichofuata kinasimuliwa na wote waliokuwapo, na kila mmoja hushusha sauti anapofika hapo. Sumaku hakushuka ngazi. Alikiegemeza kibao begani, akakiinua kwa mikono miwili, akaita.

"Mama, toka majini."

"Sijamaliza mzunguko."

"Toka, Mama, nakuomba."

"Hata hujasema umeota nini huko juu!"

Dada wa Maji alimtazama fundi usoni. Aliwaambia wagonjwa wote wasogee kwenye ngazi, taratibu, wameshikana mikono. Na hapo ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe: njia ya kutoka ilikuwa moja tu, na ilipita chini ya kibao kile. Watu ambao nchi kavu hawajiwezi walitolewa mmoja mmoja, kidato kwa kidato, huku fundi amesimama juu yao akibeba dari kwa bega. Mama yake alitaka awe wa mwisho, kwa ubishi wake tu. Akawa wa mwisho.

"Bega lilikuwa linawaka," anasema Sumaku. "Nikawa namhesabia moyoni, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Ule wa kushoto ulikuwa unakawia kupanda kidato. Sijawahi kuuchukia mguu wa mama yangu isipokuwa siku ile."

Siku hiyohiyo aliingia kwa msimamizi wa kituo na kumwomba afunge bwawa. Angeweza kunyamaza, akarudi kimyakimya na boksi la skrubu mpya na kutengeneza kona ile. Mafundi wangapi wangefanya hivyo hatujui, na huenda ni heri tusijue. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameshaona kifo kikicheza kwenye vidole vyake.

Msimamizi hakufurahi. Alipendekeza zibadilishwe zile zilizovunjika tu, kazi ya siku moja, wagonjwa warudi. Si mtu mbaya. Ana orodha ndefu ya wanaosubiri, na anawajua kwa sura.

"Kila siku ninayofunga," anasema, "kuna mguu mahali fulani unasahau ulichofundishwa. Nilimwambia fundi hivyo. Akaniambia mmoja wa miguu hiyo ni wa mama yake. Basi, nikatia sahihi bwawa lifungwe."

Mhandisi naye alisimama upande wa fundi, akaandika kwamba zote ziondolewe, nzima na mbovu, kwa sababu hakuna anayeweza kutofautisha nzima na mbovu kwa macho. Skrubu za aina inayotakiwa ziliagizwa kutoka nje, na zikachukua majuma mengi kufika. Sumaku alikubali kazi ya kurudia kwa nusu ya ujira wake wa kawaida. Kazi nyingine alizoitiwa alizikataa.

Majuma yale ya kusubiri hayakuwa mema kwa nyumba yake. Mke wake, ambaye anauza vitambaa na ana ulimi mwepesi, anaeleza kwamba mume wake aliacha kutazama watu na kuanza kutazama dari.

"Tumealikwa harusini, yeye anakula ametazama juu. Bwana harusi akadhani anamdharau. Tukiingia ukumbi wowote, ananivuta mkono tukae karibu na mlango. Usiku naamka namkuta macho, anatazama dari yetu, na dari yetu ni ya gipsamu, haina hata bwawa!"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sumaku alizikumbuka dari zote alizowahi kufunga tangu ujana, moja baada ya nyingine, akijiuliza kama kuna nyingine iliyokaa juu ya maji ya dawa. Hakuna, anasema. Kisha anajiuliza tena.

Na mama yake, asiyekwenda majini, alianza kurudi nyuma. Kwanza aliacha kufika getini. Kisha akaacha kufika jikoni bila ukuta. Mguu wa kushoto ukaanza kuburuta, na asubuhi moja alianguka kati ya kitanda na mlango. Hakutukana mtu. Hilo ndilo lililowatisha.

"Alipokuwa anatukana nilijua yuko sawa," anasema mkwewe, mke wa Sumaku.

Baba wa mgonjwa mmoja alikutana na Sumaku nje ya kituo na kumwambia mbele za watu kwamba amewanyima watoto wao maji kwa sababu ya woga wake. Sumaku alimwamkia, akapita. Na woga kweli alikuwa nao.

Hatimaye skrubu zilifika, na tarehe ikatangazwa. Bwawa lingefunguliwa Jumatatu. Mama alikatwa nywele. Alimwagiza mkwewe amtafutie nguo mpya ya kuogelea, ya rangi inayoonekana, ili akizama wamwone haraka, alisema.

Sasa tuko Jumanne, siku sita kabla ya kufunguliwa, chini ya jukwaa, saa ya chai. Safu mbili za dari zimekwisha kufungwa upya, ikiwemo ile ya juu ya ngazi za bwawa. Sumaku ameketi ukingoni pamoja na msaidizi wake, mtu mzima mwenye mvi anayeitwa Kobe kwa sababu hajawahi kuharakishwa na mtu. Sumaku anatafuta penseli. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa vilivyomo: penseli, kitambaa, pete mbili za skrubu, na skrubu kadhaa zinazong'aa.

Anazitazama. Kikombe cha chai anakiweka chini bila kukitazama.

"Hizo mpya?" anauliza Kobe.

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Kobe, sijui."

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo ambalo kila fundi analijua bila kuambiwa. Fundi hatupi skrubu nzima. Ukifungua kitu, ile iliyotoka vizuri unaitia mfukoni, itafaa kesho. Mkono unafanya hivyo wenyewe, wala hauombi ruhusa kichwani. Siku za mwanzo za kuishusha dari, skrubu za zamani zilikuwa zikitupwa kwenye ndoo nyekundu. Lakini kumbe mkono wa Sumaku, kwa mazoea ya miaka yote ile, ulikuwa ukiziokoa zile nzuri nzuri. Na mfuko huohuo wa aproni ndio aliokuwa akitilia skrubu mpya alipopanda jukwaani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Skrubu ndogo za namna hii hazina alama kichwani, alama iko kwenye boksi. Ukiziweka za zamani na mpya kiganjani, ni mapacha. Sumaku anatoa kile kipande chake cha sumaku cha siku zote na kuzipitishia. Zote zinakikataa.

"Huenda hakuna hata moja iliyopanda juu," anasema Kobe kwa upole. "Wewe ni mwangalifu."

"Huenda."

"Jumatatu wanafungua, ndugu yangu."

Sumaku amefunika uso kwa viganja. Mwandishi anakiri kwamba wakati ule alitamani mtu aseme mambo yaishe, dari iko juu, inang'aa, inapendeza. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hii imeundwa kwa jasho. Nani angejua?

"Tunashusha safu zote mbili," anasema fundi.

Anainuka kwenda kumpigia simu msimamizi, na miguu yake haina haraka. Kutoka chini ya ngazi inasikika sauti yake ikisema "ndiyo" mara nyingi, na "najua", na "kosa ni langu". Kisha anampigia mhandisi. Mhandisi hatoi lawama. Anasema chuo kimoja kina kifaa kinachosoma madini yaliyomo ndani ya chuma kwa kukigusa tu, ataomba kukiazima.

Simu ya tatu, ya nyumbani, haipigi. "Hii ya kusema ana kwa ana," anasema.

Tangu jioni hiyo mama yake hakumsemesha. Alipoambiwa kwamba Jumatatu hakuna bwawa, na kwamba haijulikani ni lini, aligeuza uso ukutani. Chakula alipelekewa na mkwewe.

Kifaa kilifika Alhamisi, kimefungwa kwenye begi kama kamera. Skrubu za safu mbili zilikuwa zimeng'olewa na kupangwa juu ya shuka, kila moja mbele ya namba ya tundu lake. Mhandisi aliligusisha domo la kifaa kwenye skrubu moja, akasoma, akasema, "Mpya." Nyingine. "Mpya." Nyingine, "Mpya." Iliendelea hivyo muda mrefu hata Kobe akaanza kutabasamu, na uso wa fundi ukaanza kuingia aibu, ya mtu aliyesumbua watu bure.

Kisha mhandisi akaigusa nyingine, akakisogeza kifaa karibu na macho. Akaigusa tena ileile. Akaigusa mara ya tatu.

"Ya zamani," akasema.

Tundu lake lilikuwa juu ya ngazi za bwawa.

Hakuna aliyeshangilia wala aliyelaumu. Kobe alisonya, akaondoka kwenda kunawa uso. Fundi aliiokota skrubu ile, akaishika kati ya vidole viwili kama mtu aliyeshika mdudu. Tangu saa hiyo aproni yake haina mfuko, ameukata kwa mkasi. Skrubu mpya zinatoka kwenye boksi moja kwa moja, Kobe anampa moja, anafunga, na kila iliyofungwa inapakwa tone la rangi ya buluu kabla ya nyingine kutoka. Vibao vingine sasa vina vifuniko vya kufungua, ili mtu aweze kuingiza kichwa, kufuta na kukagua. Dari ya kwanza haikuwa na hata kimoja.

Alasiri ya Alhamisi hiyo mwandishi anafuatana naye nyumbani. Mama amekaa sebuleni kwenye kiti cha mikono, mkono wa kushoto umelala pajani. Mkwewe anakunja vitambaa pembeni. Sumaku anaamkia, "Shikamoo, Mama," na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne anajibiwa, ingawa kwa sauti ya mtu aliyegeukia ukuta.

Anaiweka skrubu kwenye kiganja chake cha kulia. Anaanza kueleza, anakwama, anaanza upya. Mama anaigeuza. Anaisogeza karibu na macho, macho ya mtu aliyetunga uzi kwenye sindano maisha yake yote.

"Mbona nzima?"

"Si nzima, Mama."

"Ilikuwa wapi?"

"Juu ya ngazi. Pale pa kushukia."

Nje mtu anapita akiburuta kitu cha bati. Mkwewe ameacha kukunja.

"Na Jumatatu ningekuwa wa kwanza kushuka," anasema mama, "maana nilikwisha kumwambia Dada wa Maji anipe nafasi ya kwanza."

"Ndiyo."

"Basi umechelewa vizuri, baba."

Sumaku anakaa chini sakafuni, kando ya kiti cha mama. Mkewe anamwekea mkono mgongoni. Ndipo anapoueleza mpango wake, ambao anasema ameufikiria tangu siku ile alipokuwa juu ya ngazi. Dari ikikamilika, itatundikwa mifuko ya mchanga yenye uzito mara mbili ya ule inaopaswa kubeba, na itaachwa hivyo siku kadhaa. Mhandisi atakagua. Maji yatarudishwa. Na kabla mgonjwa yeyote hajaingia, ataingia yeye, peke yake, akae chini ya kibao kile mpaka moyo utulie.

"Wewe?" anasema mama. "Hujui kuogelea. Nilikuwa nakuogesha kwa kata, unapiga kelele mpaka majirani wanakuja kuniuliza ninamchinja nani!"

Mkwewe anacheka hadi vitambaa vinamwanguka. Fundi anajitetea kwamba hahitaji kuogelea, atalala chali tu juu ya maji, atazame juu.

"Kulala chali majini kunataka mtu wa kukushika kichwa. Mimi nimefundishwa. Usiposhikwa, maji yanaingia masikioni, unaanza kutapatapa, dari huioni tena."

"Dada wa Maji atanishika."

"Dada wa Maji ana wagonjwa." Mama anauinua mkono wa kulia. Kisha, polepole, na wote chumbani wanatazama bila kumsaidia, anauinua wa kushoto, unatetemeka, unafika usawa wa mwenzake. "Mikono hii hapa. Miguu, mle majini inajijua."

"Mama, nilitaka niingie peke yangu kwanza. Kitu kikianguka..."

"Kikianguka kitukute wote wawili," anasema mama, na kumrudishia skrubu yake. "Kwa hiyo kesho kafunge vizuri."